Kilomita 23 za Reli na Ghala Letu la Turbo



Sisi wa kamati ya hesabu tumeombwa tueleze kwa nini harambee ya mwaka huu ni ya ghala na mashine ya kukaushia mahindi, na kama kweli ile reli ya Mai Mahiu inatuhusu.

Inatuhusu, ila si kwa namna inavyosimuliwa sokoni. Reli ya kisasa ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha Oktoba 2019, ikakomea hapo. Reli ya zamani, hii inayopita kwetu kwenda Malaba, ilikuwa jirani tu lakini hazikuonana. Ndipo kikajengwa kipande kifupi, kilomita 23 hivi, kutoka bandari ya nchi kavu ya Mai Mahiu hadi stesheni ya Longonot. Treni haiendelei moja kwa moja, maana reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ya zamani 1,000. Kreni huinua kontena kutoka behewa hili hadi lile, na kila kuinua kuna mtu analipa.

Shehena zinazopanda kwenda Uganda zitatupita zikipiga honi. Hizo tuwaachie wenyewe. Sisi tunaangalia safari ya kurudi. Mizigo inayoingia kupitia Mombasa ni mingi kuliko inayotoka, kwa hiyo kontena nyingi hurudi pwani tupu. Mwenye kontena tupu husikiliza bei.

Lakini mwenye magunia 15 hasikilizwi na mtu. Magunia 240 ya kilo 90 ni tani 21.6, kontena moja la futi 20. Hizo ni familia 16 zenye magunia 15 kila moja, zikikubali kuweka mahindi pamoja, yakiwa yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo, kuvu huingia, na mnunuzi akipima sumukuvu mzigo wote unakataliwa, pamoja na wa yule aliyekausha vizuri. Ndiyo sababu mashine tumeitanguliza mbele ya hata rangi ya ghala.

Wapo waliotaka tununue ploti kando ya stesheni. Tulikataa, na leo tunarudia mbele yenu. Karibu na reli kuna ardhi ya shirika, na anayejenga humo hujenga akisubiri tingatinga. Tena, mpango wa tangu mwanzo ni reli ya kisasa ifike Kisumu na Malaba. Siku hiyo ikifika, hatujui kama treni za mizigo zitaendelea kupita hapa kwetu. Ghala hili lazima lijilipe hata kama hakuna treni hata moja itakayosimama Turbo. Kwa hiyo tunapendekeza lijengwe kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Webuye, lori lipakie leo, na kontena likipatikana kwa bei nzuri, tulipeleke stesheni.

Makadirio yako ukurasa unaofuata, mashine ikiwa mstari wa kwanza. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, na kila mchango, hata wa shilingi mia, utaandikiwa risiti kabla hamjaondoka.