Yowe na Maana Yake

Leo tutazame maneno ya Kiingereza, "hue and cry". Siku hizi Waingereza huyatumia kwa makelele yo yote ya watu wengi wanaolalamika. Lakini zamani yalikuwa jina la jambo la sheria. "Hue" latokana na neno la Kifaransa cha kale, "huer", maana yake kupiga ukelele. Na "cry" ni kulia kwa sauti. Sisi twasema yowe.

Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria katika mji wa Winchester. Wakati huo polisi hawakuwako. Yowe likipigwa, watu walipaswa kumfuata mwizi kijiji hata kijiji, mpaka akabidhiwe kwa mkuu wa jimbo. Wenyeji wakishindwa kumtoa mnyang'anyi, walilipa hasara wao wenyewe. Na aliyepiga yowe la uongo alitozwa faini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1827.

Nasi tunalo yowe letu. Huko Usukuma na Unyamwezi huitwa mwano: ng'ombe wakiibwa, mwano hupokezanwa toka kijiji hata kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu waliutumia kuwaandama wezi, na mwaka 1989 sheria ya Tanzania iliwatambua.

Lakini yowe la kijijini si sawa na yowe la sokoni. Hapa Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, soko la mahindi hukusanya watu wa kila upande. Mtu akilia, "Mwizi!", wajao mbio hawamjui aliyelia wala anayekimbizwa. Hapo ndipo penye hatari. Katika nchi hii watu wameuawa kwa neno hilo moja, na wengine wao hawakuiba hata punje.

Sheria yetu ya mwaka 1985 yampa raia ruhusa ya kumkamata mtu amwonaye akitenda kosa kama wizi. Lakini yaamuru amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimpi ruhusa ya kuhukumu.

Basi, enyi vijana, mkisikia yowe msikae kitako. Nendeni. Mmoja wenu amshike mshitakiwa asipigwe. Wa pili amwulize aliyelia ameona nini. Wa tatu akimbilie polisi. Yowe ni wito wa kukamata, wala si hukumu.