Kuchunga kidonda kiisha tohara ya mtu mzima
(Maneno ya kamati ya afya kwenye mkutano wa chama, Baraka)

Leo kamati ya afya iko na neno ambalo watu hawapendi kulisema mbele ya mama mkwe. Tutalisema tu, juu mwenzetu mmoja ameumia na sisi tulikuwa tunatazama pembeni.

Munajua lilianzia wapi. Mwaka 1996 tulivuka ziwa, wengi wetu tukaishi Lugufu na Nyarugusu, kule upande wa Kigoma. Vita ilitawanya wazee waliokuwa wanaongoza bwali. Watoto walizaliwa kambini wakakomea kule. Wengine walitahiriwa, wengine hapana. Sasa tumerudi Fizi. Kijana wa miaka 25 anaoga ziwani na wenzake, wanamucheka. Anaenda hospitali kimya kimya, anakatwa, anarudi nyumba kimya kimya, na hata ndugu yake hajui.

Huyo mwenzetu ni motari. Chama kilimulipia upasuaji, nasi tukaandika kwenye kitabu kwamba kazi imeisha. Lakini moto si yake. Kila jioni mwenye moto anangoja verseman. Siku ya tatu akapanda moto, na barabara yetu munaijua mashimo yake. Nyuzi zikakatika, damu ikatoka. Akaona haya kurudi kwa muganga, jirani akamupa majivu ya kupaka. Wakati tulipojua, alikuwa na homa na usaha, ikabidi alazwe. Amepona, Mungu asifiwe, lakini madeni ya zile siku yalimufuata muda mrefu. Kosa ni letu pia. Pesa tulitoa ya kisu tu. Ya kula na ya verseman hatukuifikiria.

Kwenye bwali kulikuwa mambo ambayo hatutaki yarudi, ya kwanza ni kisu kimoja kwa vijana wengi. Lakini kule kijana alikaa mpaka apone, mkubwa akimuangalia, chakula kikiletwa. Hospitali inatupa kisu safi na ganzi, kiisha saa chache uko nyumba, na kesho yake shamba linakuita.

Sasa tusikilizane vizuri. Siku mbili za kwanza ni za kulala na kutembea kidogo ndani ya lupango, hakuna maji kwenye kidonda, hakuna kufungua bandeji. Uume uelekezwe juu, ulale kwenye tumbo, ndiyo unavimba kidogo. Chupi yenye kushika inasaidia, na mchana kikwembe kinatosha. Ganzi ikiisha maumivu yanakuja, mumeze dawa vile muganga alivyosema. Kisha saa 48 murudi kwake atoe bandeji, na murudi tena siku ya saba hata kama munajisikia wazima. Kati ya hapo munaosha kwa maji safi na sabuni laini, polepole, munakausha. Nyuzi nyingi za siku hizi zinayeyuka zenyewe, musizivute. Majivu, dawa ya meno, majani, mavi ya ng'ombe: hapana. Na kabla ya upasuaji, muulize habari ya sindano ya pepopunda. Na yule mwenye sukari au mwenye damu isiyokauka haraka, aseme mapema.

Usiku uume utasimama na nyuzi zitauma. Hilo linaogopesha vijana kuliko yote, wanafikiri wameharibika. Ni kawaida. Kojoa kabla ya kulala, na ukiamka na maumivu, simama utembee kidogo mpaka ipite.

Matone machache ya damu yasikutishe. Ikizidi, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuachilia; isipokauka, nenda hospitali, hata usiku. Nenda pia ukiona usaha, homa, uvimbe unaoongezeka, au mkojo unakataa kutoka. Yule muganga ameona wengi, hatakucheka.

Kazi nyepesi unaweza kurudia kisha siku chache. Moto, jembe, kubeba mizigo bandarini, kuvuta nyavu: ngoja mpaka muganga akuangalie siku ya saba aseme ndiyo.

Bamama, hapa tunaomba musicheke. Wiki sita hakuna kulala na bwana, na yeye asijichezee. Ngozi kwa nje inaweza kuonekana imefunga, lakini ndani bado, na kidonda kibichi ni mlango wa ukimwi, kwake na kwako. Kweli, tohara inamupunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke karibu asilimia 60. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2007 pale ukimwi ulipo mwingi. Lakini asilimia 60 si mia, na mwanamuke haimukingi moja kwa moja. Kondomu inabaki. Mwanaume atakayesema "mimi nimeshakatwa, iko sawa", mumulete kwetu kwenye kamati.

Basi kamati inaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama atakayetahiriwa apewe mwenzake mmoja wa kumusindikiza siku ya pili na siku ya saba, mtu anayemuchagua mwenyewe, anayejua kufunga mdomo. La pili, sanduku litoe chakula cha wiki moja: unga, maharagi, ndagala, na sabuni, na kwa motari, verseman ya siku saba, alipwe mwenye moto mkononi kabla ya upasuaji. Marafiki wafadhili, tunajua sabuni na ndagala ni vigumu kuonyesha kwenye ripoti, bandeji ni rahisi zaidi. Tutawaandikia kila franka.

Vijana watatu wameshajiandikisha kwa mwezi ujao. Mweka hazina ameleta hesabu, iko hapa mezani. Tuisome pamoja kabla ya kunyoosha mikono.