Njia ya Kumwombea Msamaha Aliyehukumiwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya jambo liwasumbualo wazazi wengi. Mwana amefungwa, na mzazi auliza kama hakuna njia ya kumwombea msamaha. Njia ipo, nayo ni ya sheria. Lakini wengi hawaijui, na kwa kutoijua huuza ng'ombe wakampa fedha mtu anayejidai kuwa ana jamaa wakubwa serikalini.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili. Asemaye, "Sikutenda," au, "Hukumu imepotoka," njia yake ni rufani. Aliyehukumiwa na hakimu hupeleka rufani Mahakama Kuu kabla ya siku 14 kwisha; akichelewa, ni lazima aombe ruhusa na kueleza sababu. Lakini aombaye msamaha haendi kubishana na hukumu. Aenda kuomba huruma.

Huruma hiyo imeandikwa katika Kifungu cha 133 cha Katiba ya mwaka 2010. Rais aweza kumsamehe mtu, kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu, kuibadili iwe nyepesi, au kuifuta yote au sehemu yake. Wala hatendi kwa kupenda kwake tu, bali hufuata ushauri wa kamati. Ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu, Waziri mwenye kusimamia magereza, na wengine wasiopungua watano wasio watumishi wa serikali. Uwezo huu ulikuwapo hata chini ya katiba ya zamani: mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo, ikawa kifungo cha maisha.

Katiba yasema ombi laweza kuletwa na mtu yeyote. Basi si lazima wakili. Mfungwa mwenyewe aweza kuandika, au mama yake, au wazee wa kwao. Barua na itaje jina lake, gereza, mahakama, nambari ya kesi, kosa, adhabu, na muda aliokwisha kutumikia. Kisha ieleze mwenendo wake, kazi aliyojifunza, afya yake, na nani atakayempokea. Iambatishwe nakala ya hukumu. Isiandikwe sifa ya uongo, kwa kuwa wakuu wa gereza wamjua mtu wao.

Sasa nawageukia Wazee. Kamati yaweza kuyasikiliza pia maneno ya aliyekosewa. Tusikimbilie kuandika barua huku mjane au mwenye kuibiwa hajatembelewa na mtu. Twendeni kwake kwanza, si kumtisha wala kumnunua, bali kumsikiliza. Akikataa, hiyo ni haki yake, wala asichukiwe. Na tukiandika kwamba kijana atapokewa nyumbani, tuwe tumekwisha kupatana ni nyumba gani, na ni kazi gani atakayofanya. Ahadi isiyo na mwenyewe itamrudisha gerezani.

Ombi laweza kukataliwa, nasi hatuna budi kuwaambia wazazi hivyo tangu mwanzo. Lakini wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.