Kivinjari: Kasi au Sura?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kompyuta ambazo chama chetu kimezichangia kwa ajili ya maktaba. Mashine zenyewe ni kuukuu, kumbukumbu yake ndogo, na kila darasa litapata saa moja tu kwa juma. Kwa hiyo kuchagua kivinjari si jambo la mchezo. Wako wanaotaka kilicho chepesi, na wako wanaotaka chenye sura nzuri na vitufe vinavyojieleza.

Mimi niko upande wa wepesi. Lakini wepesi wa nani?

Mwaka 1993 ilitoka Mosaic, kazi ya Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, ikaweka picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Watu waliipenda mno, ila msomaji alikaa akitazama skrini tupu mpaka picha zifike. Mwaka uliofuata ikaja Netscape, nayo ikaanza kuonyesha maneno huku picha zingali njiani. Laini ya simu ilikuwa ile ile, kompyuta ile ile. Mpangilio tu ndio uliompunguzia mtu kungoja.

Kwetu Afrika Mashariki, kabla ya mkonge wa SEACOM kufika pwani mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu angani. Swali kwenda na jibu kurudi ilikuwa nusu sekunde, hata ukurasa haujaanza kuja! Ndipo wengi wakashika Opera Mini, ambayo kurasa zake zilibanwa kwanza kwenye seva ndipo zikatumwa kwenye simu. Gazeti zima lilisongamana katika kiskrini cha vidole viwili, wala hatukunung'unika, maana lilifunguka.

Chrome, iliyotolewa mwaka 2008, ilijaribu kuvipata vyote: mwendo wa haraka, na kisanduku kimoja cha kuandikia anwani na kutafutia. Vichupo vyake navyo hujitegemea. Kimoja kikianguka vingine husimama. Uhuru huo hulipiwa kwa kumbukumbu, nasi hiyo ndiyo tuliyopungukiwa.

Basi naomba tusibishane. Tuweke vivinjari viwili, vyote viwe vya kupata marekebisho ya usalama hadi leo. Tuwape kijana wa Kidato cha Kwanza na wa Kidato cha Nne swali moja la jiografia, tushike saa tangu anapoketi hadi anapoandika jibu katika daftari lake. Ukurasa ukifunguka upesi naye akapoteza dakika tano akitafuta kitufe kilichofichwa, dakika hizo zihesabiwe.

Mwalimu wa maktaba amekubali Jumatano, baada ya vipindi. Natafuta vijana wawili.