Mto wa Januari Unatoka Wapi?



Januari mvua huku Subukia ni adimu. Mabua ya mahindi yamekauka shambani, vumbi limetanda barabara ya Solai, lakini huko juu Mto Waseges bado unatiririka ukielekea Ziwa Bogoria. Maji hayo ni mvua ya misimu iliyopita. Ilinyesha kwenye miinuko, ikazama katika udongo wa majivu ya volkano, ikapita kwenye nyufa za mwamba, na sasa inachomoza taratibu kwenye chemichemi. Mahujaji wanaojaza chupa kwenye chemichemi ya Madhabahu ya Subukia huondoka na mvua hiyohiyo.

Mvua ya tropiki haina subira. Alasiri moja inaweza kumwaga maji mengi kuliko ardhi inavyoweza kumeza. Tazama mvua kubwa ikianza: kwenye kijia kilichokanyagwa na ng'ombe maji hukimbia papo hapo, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini hatua chache pembeni, chini ya miti yenye majani makavu yaliyooza, hayaonekani kabisa. Yale ya kwanza yanafika mtoni jioni hiyo. Ya pili yatafika kiangazi, pengine baada ya miaka. Na ardhi ikishashiba, hata ile ya msituni haina pa kuyaweka. Masika ya 2018 yalikuwa hivyo, mito na mabwawa yamefurika, na usiku wa Mei 9 ukingo wa bwawa la Patel hapo Solai ukapasuka, ukaua watu zaidi ya 40.

Wengi huniuliza: ikiwa Mto Njoro, unaoingia Ziwa Nakuru, hukauka sehemu sehemu wakati wa kiangazi, mbona ziwa lenyewe limepanda tangu 2010 hadi likameza lango kuu la zamani la hifadhi? Hakuna mgongano hapo. Ziwa lile halina mto unaotoka. Hujumlisha kila kinacholifikia na hupunguzwa hasa na jua. Miaka ya mvua nyingi hulijaza. Mto wa kiangazi, kwa upande wake, hutegemea kilichozama kwenye miinuko ya Mau, na msitu wa Mau Mashariki umekatwa sana. Wapo wanaotaja misukosuko ya ardhi ya Bonde la Ufa kuwa chanzo cha ziwa kupanda. Mimi naona mvua inatosha kueleza sehemu kubwa.

Sasa visima, ambavyo navyo huvuta maji yaliyozama ardhini. Vile vya Kabatini vinanywesha mji wa Nakuru, na wakulima nao wanachimba. Kisima kirefu kikivuta maji yaliyokuwa yakielekea kwenye chemichemi, chemichemi haipungui siku hiyo. Inaweza kuchukua miaka, na kufikia hapo hakuna atakayemkumbuka aliyechimba. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali vya kuchukua maji mtoni na vya visima. Rai yangu ni kwamba vibali hivyo visomwe katika faili moja. Kina cha Waseges na kina cha maji visimani vipimwe siku ileile, kila wiki, na hesabu ya kuamua nani achimbe iwe ile ya Januari, si ya Aprili.