Mahindi mabichi, mihindi mitupu: maneno yetu mbele ya mkutano wa wanachama, Sange



Kila sezo katika bonde la Ruzizi tunasikia kilio kimoja: mahindi yalipita urefu wa mtu, majani mabichi kabisa, halafu siku ya kuvuna muhindi uko na punje chache kama meno ya muzee. Wengine wanasema ni ulozi, wengine wanasema ni mbegu ya sokoni. Sisi tunaotembea mashambani tunauliza kwanza: mvua ilikatika siku gani?

Shina moja la mahindi liko na maua ya aina mbili. Ua dume liko juu. Waliokaa Nyarugusu walizoea kuliita mbelewele, kama Watanzania. Linatoa unga wa manjano, ndiyo chavua. Ua jike ni ule muhindi mchanga ubavuni, pamoja na nywele zake. Na hapa wengi wanashangaa: kila unywele umefungwa kwa punje moja. Unywele ukikosa unga, punje yake haizaliwi. Muhindi wa punje 500 ulihitaji nywele 500 zipate unga.

Sasa jua likiwaka wakati huo, mbelewele haingoji. Inamwaga unga wake, na kwa shina moja unaisha kwa muda wa wiki moja hivi. Lakini nywele zinarefuka kwa nguvu ya maji. Kwa kawaida zinatoka siku 1 mpaka 3 baada ya unga kuanza. Maji yakikosa zinaweza kuchelewa wiki nzima, zikifika karamu imeisha. Hata zilizopata unga haziko salama: shina lenye njaa linaacha punje changa zife, hasa za kwenye ncha. Ndiyo maana ukame wa wiki 2 kabla na wiki 2 baada ya nywele kutoka unaweza kula nusu ya kivuno, na majani bado mabichi. Ukame wakati mahindi yanafika kwenye goti unatisha macho, lakini mvua ikirudi yanainuka.

Watafiti wa CIMMYT kule Mexico walianza miaka ya 1970 kuchagua mashina ambayo nywele zake hazichelewi kwenye ukame. Mbegu za namna hiyo zinasaidia, lakini haziondoi hesabu ya tarehe.

Tuhesabu basi. Mahindi yakipandwa mwanzo wa mwezi wa pili, kwa joto letu yanachanua karibu siku 60 baadaye, mwezi wa nne, mvua ingali iko. Yakipandwa mwisho wa mwezi wa tatu, yanachanua mwisho wa mwezi wa tano, na sisi wote tunajua mvua wakati ule inaaga. Nani anapanda mwisho wa mwezi wa tatu? Mara nyingi ni yule aliyerudi juzi, hana udongo wake, anangoja mwenye shamba aseme bei. Ao anangoja mbegu ya msaada. Wafadhili, tunasema bila kuzunguka: kama mbegu ya mahindi ya sezo B haiwezi kufika mwezi wa kwanza, mutupe maharagwe, ao pesa ya kukodi shamba mapema.

Kwa wanachama, shida ni zamu za mfereji. Kugawa maji sawasawa kila wiki kunaonekana ni haki. Lakini shamba la mahindi ya goti linaweza kungoja. Lenye mbelewele haliwezi. Tunaomba komite ya maji iandike tarehe ya kupanda ya kila mtu, ijue nani anachanua lini. Italeta maneno, tunajua. Na palizi imalizike kabla ya maua, juu magugu nayo yanakunywa.

Kwa wenye deni la mbegu: musiahidi magunia kwa kuangalia majani. Siku kama 10 baada ya nywele kutoka, vuna mihindi michache pembe mbalimbali za shamba, toa maganda polepole, halafu tikisa. Unywele uliopata unga unaanguka wenyewe. Uliokosa unabaki umeshika. Zikibaki nyingi, njoo utuone wiki hiyo hiyo, tuzungumze na komite ya mkopo mapema, wakati tarehe ya kulipa iko bado mbali.