Leseni A au Leseni B: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Chama



Tumeombwa kunena juu ya leseni za malori makubwa katika nchi ya Marekani, kwa sababu vijana wetu waliohamia huko hawaachi kutuandikia, na barua zao, kama mjuavyo, huuliza shauri kwa mstari mmoja na ada ya chuo kwa mistari kumi. Basi ni haki yetu kujua fedha hiyo yanunua nini.

Sheria yake ilipitishwa mwaka 1986, na tangu Aprili 1992 kila dereva wa gari kubwa la biashara sharti awe na leseni hiyo. Daraja A ni ya gari na tela, ambayo uzito wake uliokadiriwa kwa pamoja ni ratili 26,001 au zaidi, na tela peke yake lapita ratili 10,000. Daraja B ni ya gari moja lenye uzito huo, lisilovuta tela la kupita ratili 10,000: kama tipa la mchanga, au lori la taka, au basi kubwa. Daraja C, ya magari madogo zaidi yachukuayo abiria wengi au vitu vya hatari, twaiacha.

Watu husema, "Chukua A, maana mwenye A aendesha na gari la B." Ni kweli, ijapokuwa basi lataka kibali cha ziada. Walakini kazi ya A mara nyingi huanza kwa safari ndefu, dereva akilala ndani ya lori usiku baada ya usiku; mwenye B kwa kawaida hurudi kwake jioni. Kijana mwenye watoto wachanga na alipime hilo kabla ya kupima mshahara. Naye asiyetimiza miaka 21, kwa kawaida haruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo lake kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, tangu tarehe 7 Februari 2022, mwenye B atakaye kupanda A hulazimika kufundishwa tena katika chuo kilichoandikishwa na serikali. Ndiyo kusema ada mara mbili. Kwa hiyo, ikiwa fedha yapatikana mara moja tu, sisi twapendelea A, hata kama ataanza na tipa la mjini.

Lakini kabla ya kulipa, na aulize atatahiniwa kwa lori gani. Akitahiniwa kwa lori lijibadilishalo gia lenyewe, leseni yake itatiwa kizuizi, asiendeshe kwa kazi hiyo lori la gia za mkono. Tena ziko kampuni zimlipiazo mwanafunzi ada ili azitumikie muda fulani, na akiondoka mapema hudaiwa. Mkataba huo autume kwetu kabla ya kutia sahihi. Kusoma karatasi ndiyo kazi yetu. Katibu atazipokea nakala hadi mwisho wa mwezi.